Majeruhi Wasiofika Maweni

Ukitaka kujua ni watu wangapi wanaokufa kwa ajali na majeraha katika mkoa wa Kigoma, utaelekezwa kwanza kwenye vitabu vya kupokelea wagonjwa: vya Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, vya hospitali za Kabanga na Heri, vya hospitali za wilaya na vya vituo vya afya. Vitabu hivyo vinaandikwa na watu makini, lakini vyote vinaanzia mlangoni. Mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi na kukata roho kabla jirani hajapata pikipiki hayumo. Mvuvi aliyekatwa paja na pangaboi la injini, akaishiwa damu ndani ya boti usiku, hayumo. Hayumo pia abiria wa bodaboda aliyegongwa na lori gizani kati ya Nguruka na Uvinza, akafia kando ya barabara huku watu wakitafuta gari. Vifo vyao vinajulikana kwa ndugu, kwa mtendaji wa kijiji na kwa waliochimba kaburi. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi katika vituo vya afya vya mkoa huu kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma tafiti za watu walioumia mbali na hospitali ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumekuwa tukiboresha sehemu ya mwisho ya safari huku wengi wakifia sehemu ya kwanza.

Mwaka 1998 Charles Mock na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha majeruhi wa miji mitatu: Kumasi nchini Ghana, Monterrey nchini Meksiko na Seattle nchini Marekani. Waliwachukua watu walioumia vibaya, na, jambo ambalo watafiti wengi huliacha, wakawahesabu pia waliokufa kabla ya kufika hospitali. Kumasi walikufa asilimia 63, Monterrey asilimia 55, Seattle asilimia 35. Mtu akiishia hapo atasema kwamba hospitali za matajiri ni bora, basi. Lakini tazama walikofia: Kumasi asilimia 51 ya majeruhi hao wote walifia nje ya hospitali, Monterrey asilimia 40, Seattle asilimia 21. Ukitoa namba hizo katika zile za kwanza unabaki na waliofia ndani ya hospitali, nao ni asilimia 12, 15 na 14. Tofauti yote kubwa kati ya mji maskini na mji tajiri ilikuwa barabarani, kabla ya daktari yeyote kumgusa mgonjwa. Na Kumasi ni jiji, lina lami, lina hospitali kubwa ya rufaa. Ikiwa nusu ya walioumia vibaya katika jiji la namna hiyo hawakufika, sijui tuseme nini kuhusu Sibwesa.

Wasioujua mwambao wetu wa kusini wanahitaji maelezo kidogo. Kutoka Kalya, Sibwesa au Buhingu, chini ya milima ya Mahale, njia iliyozoeleka ya kufika Kigoma mjini ni ziwa, na ziwa halina ratiba ya dharura. Upepo ukivuma, boti inasubiri. Mafuta yakikosekana, boti inasubiri. Kwa upande wa nchi kavu, Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe zina vijiji vingi vilivyo juu ya vilima, ambako mvua za masika zinapokolea gari la wagonjwa haliwezi kufika hata likiwa na mafuta na dereva. Mgonjwa anateremshwa kwa machela ya miti na blanketi mpaka barabara kubwa, na hapo ndipo anapopandishwa pikipiki. Kwa hiyo majeruhi wetu wengi wanaletwa kwa mshikaki: dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia asianguke.

Kijana mmoja aliletwa hivyo kituoni jioni, paja la kulia limevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Mguu ulikuwa ukining'inia na kugonga kwenye pikipiki njia nzima. Rafiki yake alikuwa amefunga kanga juu ya kidonda, kwa nia njema kabisa, lakini aliifunga kwa nguvu za kati, na hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote, kwa sababu fundo la namna hiyo linaziba mishipa ya juu inayorudisha damu moyoni huku mshipa mkubwa wa ndani ukiendelea kusukuma damu kwenda mguuni, na kidonda kinavuja kuliko ambavyo kingevuja bila kufungwa. Kanga ilikuwa imelowa mpaka pindo. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, na paja lililovunjika linaweza kupoteza lita moja au zaidi hata kama ngozi haijachanika. Njiani walikuwa wamesimama dukani wakamnunulia soda ili apate nguvu. Tulimnyoosha mguu, tukajaza kidonda kitambaa safi na kukigandamiza kwa mikono miwili, tukamfunika mablanketi, tukamtundikia dripu, tukampeleka mbele. Alipona. Nilichojiuliza usiku ule ni hiki: katika yale yote tuliyomfanyia, ni lipi ambalo rafiki yake asingeweza kulifanya palepale alipoangukia, kama angekuwa ameonyeshwa? Kunyoosha mguu na kuufunga pamoja na ule mwingine usioumia, kujaza kidonda na kugandamiza, kumfunika: yote yalikuwa ndani ya uwezo wake. Dripu tu ndiyo ingemshinda.

Swali hilo liliulizwa zamani, mahali pengine, na watu waliolifanyia kazi kwa miaka. Katikati ya miaka ya 1990 Hans Husum, daktari wa upasuaji kutoka Norwe, pamoja na Mads Gilbert, Torben Wisborg na wenzao wa kituo cha Tromsø, huko huko Norwe, walianza kujenga mitandao ya kuwahudumia majeruhi katika sehemu mbili zilizojaa mabomu ya kutegwa ardhini: kaskazini mwa Iraki, katika nchi ya Wakurdi, na kaskazini-magharibi mwa Kambodia, upande wa Battambang. Sehemu zote mbili zilikuwa zimetoka vitani au bado zilikuwa vitani. Barabara zilikuwa mbovu, hospitali ya upasuaji ilikuwa mbali, na helikopta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Hawakuleta magari. Waliwafundisha wahudumu 135 waliokuwa wakiishi humo humo vijijini, na chini ya hao wakawafundisha wanavijiji wa kawaida 5,200: wakulima, walimu, wanawake wa nyumbani, watoto wakubwa, watu ambao kwa kweli ndio wanaokuwepo bomu linapolipuka. Mwanakijiji alifundishwa mambo machache ya dakika za mwanzo. Mhudumu alifundishwa mengi zaidi, kwa awamu, akirudi kazini kwake kati ya awamu moja na nyingine, na kila mgonjwa aliyemhudumia aliandikwa, kisha akajadiliwa na wenzake pamoja na walimu.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya 1997 na 2001 waliwafuatilia majeruhi 1,061. Kwa wastani safari ya kwenda hospitali ilichukua saa 5.7. Kabla ya kazi hiyo vifo vilikadiriwa kuwa asilimia 40 ya walioumia. Katika kipindi chote cha utafiti vilikuwa asilimia 14.9. Mwaka wa kwanza walikufa asilimia 23.9, na mwaka wa mwisho asilimia 8.8. Zaidi ya saa tano na nusu ni muda ambao mtu wa Kalya au wa vilima vya Buhigwe anauelewa bila kuelezwa. Hapo ndipo utafiti huu ulipoacha kuwa habari ya Kambodia kwangu.

Niseme walichofanya, maana watu wakisikia mafanikio ya namna hiyo hudhani kuna mashine imefichwa mahali. Walifungua njia ya hewa: kuinua kidevu, kutoa matapishi na damu mdomoni, kumlaza ubavu aliyepoteza fahamu ili asisongwe na ulimi wake. Walizuia damu kwa kujaza kidonda kitambaa mpaka ndani kabisa, kugandamiza, kisha kufunga bandeji ngumu juu yake. Walimkinga mgonjwa na baridi. Jambo hili la baridi sisi tunalipuuza sana, kwa kuwa tunadhani nchi yetu ni ya joto, wakati mtu aliyepoteza damu anapoa hata juani, na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo anavuja zaidi na kupoa zaidi. Anayeifahamu Manyovu, kwenye vilima vya Buhigwe, usiku wa mwezi wa saba anajua kwamba blanketi kule ni dawa. Wahudumu waliofundishwa zaidi waliweza pia kutoa maji ya mishipani yaliyopashwa joto, na kutuliza maumivu kwa ketamini, ambayo ina sifa ya kutozima pumzi kwa urahisi kama zinavyofanya dawa nyingine kali. Hayo ndiyo mengi yao. Vitu hivyo vinaingia kwenye begi la mgongoni.

Kuna jambo moja ambalo halikubadilika katika miaka yote mitano. Maambukizi ya vidonda yalibaki asilimia 21.5. Nalitaja kwa sababu waandishi wenyewe walilitaja wazi, na kwa sababu linaonyesha mpaka wa kazi ya njiani: mtu anaweza kufikishwa hai, kisha kidonda chake kikaoza kwa kuwa upasuaji ulichelewa au haukufanyika vizuri. Mnyororo unahitaji mwisho wake pia.

Sasa, utafiti huu una udhaifu, na mtu anayeutumia kudai fedha za halmashauri anapaswa kuujua kabla hajaulizwa. Ile asilimia 40 ya mwanzo ni makadirio ya nyuma, yaliyokusanywa kabla mfumo wa kuandika haujawepo. Hakukuwa na vijiji vilivyoachwa kwa makusudi bila mafunzo ili vilinganishwe na vingine. Na aina ya majeraha inaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Vifo vinaweza kupungua kwa sababu tu walioumia mwaka huu wameumia kidogo kuliko wa mwaka jana. Watafiti walijaribu kulirekebisha hilo kwa kupima uzito wa majeraha ya kila mtu, na mimi naona ushahidi wenye nguvu uko katika kule kushuka kwa mwaka baada ya mwaka kuliko katika ile asilimia 40.

Mwaka 2010 Mudhafar Murad na Husum walitoa utafiti mwingine kutoka Iraki uliokaribia zaidi kulijibu swali hili. Waliwalinganisha majeruhi 325 waliohudumiwa kwanza na mwanakijiji aliyefundishwa na majeruhi 1,016 ambao mtu wa kwanza kuwafikia alikuwa mhudumu mwenye mafunzo ya juu. Katika kundi la kwanza walikufa asilimia 9.8, katika la pili asilimia 15.6. Hapo pia mtu makini atauliza: je, waliokutwa na mwanakijiji hawakuwa wamebahatika kuumia karibu na kijiji kilichochangamka, chenye barabara nzuri zaidi? Swali ni halali. Lakini hakuna atakayepiga kura ya bahati nasibu kuamua ni kijiji kipi kiachwe bila mtu wa kuzuia damu kwa ajili ya sayansi, na sidhani tunapaswa kusubiri utafiti wa namna hiyo. Damu inayogandamizwa inasimama, na hilo halihitaji kupigiwa kura. Tunachohitaji kupima ni kama mafunzo yanakaa kichwani, na kama aliyefundishwa anafika kabla ya damu kwisha.

Kuna hatari nyingine katika hesabu, ambayo inanigusa zaidi kwa sababu inaweza kuwavunja moyo watu wetu wenyewe. Tuseme kesho vijiji vya Uvinza vinapata watu waliofundishwa vizuri. Wale ambao jana walikuwa wakifia njiani watafika kituoni wakiwa hai lakini katika hali mbaya sana, na baadhi yao watafia mikononi mwetu. Vifo vya majeruhi vilivyoandikwa kituoni vitaongezeka. Ripoti ya robo mwaka itaonyesha kwamba tumefanya vibaya, na mganga mfawidhi ataitwa kujieleza, wakati kilichotokea ni kinyume chake. Asiyehesabu waliokufa nje ya mlango hawezi kujua kama anasaidia au anaharibu.

Suala la kufunga mkanda wa kubana damu linahitaji aya yake, kwa sababu linazua ubishi katika kila mafunzo. Watu wa Tromsø waliupinga mkanda huo kwa sehemu kubwa, wakisisitiza kujaza kidonda na kugandamiza, kwa kuwa walikuwa wameona viungo vingi vikipotea baada ya kufungwa kwa saa nyingi kwa kamba na raba. Baadaye madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa Baghdad wakaleta ushahidi wa upande mwingine: mwaka 2009 John Kragh na wenzake walionyesha kwamba waliofungwa mkanda kabla hawajaingia katika mshtuko wa kuishiwa damu walipona kwa asilimia 90, na waliofungwa wakati mshtuko umeshaanza walipona kwa asilimia 10 tu. Wengine wakayasoma hayo wakataka kila bodaboda apewe mkanda. Mimi nasita. Askari wa Baghdad alikuwa na mkanda uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na daktari wa upasuaji hakuwa mbali. Mkulima wa Kakonko ana kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na safari ya nusu siku. Mguu uliobanwa kabisa huanza kuwa hatarini baada ya saa mbili hivi, na kadiri muda unavyopita hatari inazidi. Kwa hali yetu ningefundisha kwanza kujaza na kugandamiza kwa dakika nyingi bila kuchungulia, kisha mkanda kwa damu ile tu inayoruka na kukataa kusimama, ukifungwa kwa nguvu zote na upana wa kutosha, na saa ya kufungwa ikiandikwa kwenye paji la uso la mgonjwa kwa kalamu ya wino.

Hali ya muda inajitokeza tena katika dawa. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 274 za nchi 40, ukihusisha majeruhi 20,211, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, inapunguza vifo. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ulieleza kwa undani zaidi. Waliopewa ndani ya saa moja ya kuumia walikufa kwa kutoka damu asilimia 5.3, dhidi ya 7.7 ya waliopewa maji matupu. Kati ya saa moja na tatu, asilimia 4.8 dhidi ya 6.1. Baada ya saa tatu hali iligeuka, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1, yaani dawa ilionekana kudhuru. Wakunga wetu wanaijua dawa hii kwa wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Sasa mpime mvuvi wa Buhingu kwa kipimo hicho cha saa tatu. Dawa ikiwa Maweni peke yake, kwake haipo, na akifika ni afadhali asipewe. Ikiwa kwenye zahanati ya kijiji chake, na muuguzi wa pale ameruhusiwa kuitoa, ipo. Huo ni uamuzi wa orodha ya dawa na wa miongozo, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kununua gari.

Na magari tunayapenda. Sina ugomvi na gari la wagonjwa. Nimepanda mengi na nimeyashukuru. Lakini gari moja kwa tarafa nzima, lenye dereva asiyejua kugandamiza kidonda, ni usafiri tu. Nchi yetu ina mfano mzuri wa kufikiri tofauti. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Buchosa kisha Shinyanga, na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha mama mjamzito au aliyejifungua kupiga 115 bure, akaunganishwa na gari la wagonjwa au, lisipokuwepo, na dereva wa kijijini aliyekubaliana na mpango na kulipwa kwa safari hiyo. Kituo cha kupokea simu kipo. Madereva wameandikishwa. Utaratibu wa malipo upo. Kinachokosekana ni mtu kuamua kwamba kijana aliyevunjika paja naye anaweza kuingizwa katika mfereji huo huo. Ninajua hofu iliyopo, kwamba majeruhi watawanyang'anya akina mama magari, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana ningeanza na wilaya moja, na madereva wa nyongeza badala ya wale wale.

Kuhusu madereva, Waghana walitutangulia. Waliwafundisha madereva 335 wa magari ya abiria huduma ya kwanza, kwa kuwa walikuwa wameona kwamba hao ndio wanaowabeba majeruhi hospitali siku zote. Walipowarudia baadhi yao miezi kumi na kitu baadaye, asilimia 61 walikuwa wameshamhudumia mtu aliyeumia tangu mafunzo. Huko Iganga, mashariki mwa Uganda, walifundishwa waendesha bodaboda 154 kwa mtazamo huo huo. Katika mkoa wetu kijiwe cha bodaboda kipo karibu kila njia panda, na vijana wa hapo ndio wanaofika kwanza ajalini kwa kuwa mara nyingi aliyeanguka ni mwenzao.

Nilikaa na mwenyekiti wa kijiwe kimoja tukazungumza jambo hili. Hakubisha hata kidogo kuhusu umuhimu wake. Alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa mpangilio ambao ningependa wataalamu wauzingatie.

"Daktari, mimi nikimbeba, damu imejaa kwenye kiti, siku hiyo sifanyi kazi tena. Hesabu ya tajiri nani ananilipia? La pili, glovu natoa wapi? La tatu ndilo kubwa: nikimfikisha akafa, polisi wanasema mimi ndiye niliyemgonga."

Swali la tatu ndilo linaloua watu. Nimesikia majeruhi akiachwa kando ya barabara huku watu wamemzunguka, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kumgusa. Hofu hiyo inaongezwa na desturi ya kudai PF3, fomu ya polisi, kabla ya matibabu, desturi ambayo baadhi ya watumishi wameishikilia kupita kiasi. Majeruhi wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata; msamaria aliyemleta anaandikwa jina na namba ya simu, anashukuriwa, anaruhusiwa kwenda zake. Mafunzo yoyote ya bodaboda yasiyomkalisha mkuu wa kituo cha polisi katika chumba kimoja na vijana hao yatakufa ndani ya miezi michache.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nazitumia tafiti za vita kwa mkoa wenye amani. Kigoma ina amani, na Mungu aidumishe, lakini imekuwa jirani wa vita kwa muda wote ambao watu wa umri wangu wanaukumbuka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliovuka ziwa kutoka iliyokuwa Zaire. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi, wakasafirishwa kwa MV Liemba na kipindupindu kikiwa kati yao. Kuna miaka ambayo mabasi ya Kasulu na Kibondo yalisafiri kwa eskoti ya polisi wenye silaha. Na mwaka 2025 ng'ambo ya ziwa, katika majimbo yote mawili ya Kivu nchini Kongo, Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23 kati ya Januari na Februari, na wodi za upasuaji zikafurika watu wenye risasi. Vita vinavunja kwanza vile vitu ambavyo kwetu vinakosekana hata bila vita: barabara salama, gari, mafuta, mtaalamu wa karibu. Ndiyo maana waliofanya kazi vitani walilazimika kujua mapema nini kinabaki vyote hivyo vikiondolewa. Kule Mosul, katika mapigano ya 2016 na 2017, Shirika la Afya Duniani liliratibu vituo vya kuwatuliza majeruhi karibu na mstari wa mbele kabla ya safari ndefu ya hospitali. Kazi kubwa, yenye wataalamu wa kigeni na fedha nyingi. Mimi navutiwa zaidi na njia ya Battambang, kwa sababu wageni walipopungua wahudumu walibaki; ni kwao. Kaskazini mwa Iraki mabomu yalipopungua na ajali za barabarani zikaongezeka, mtandao ule ule uligeukia ajali.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wanafundishwa lishe, chanjo, malaria, uzazi. Ningependa kuona huduma ya majeruhi ikipewa nafasi ya kweli katika mafunzo yao, kwa vitendo, mikono ikiwa juu ya kidonda cha kuigiza, na kurudiwa kila mwaka, kwa maana ujuzi wa mikono unasahaulika haraka usipotumika. Mhudumu huyo angekuwa kwetu yule wa katikati, kati ya bodaboda na zahanati.

Wakati hayo yanasubiri, kuna kazi isiyohitaji bajeti, nayo tumeianza na watendaji wachache wa vijiji walio karibu na kituo chetu. Kila kifo cha ajali au jeraha kinachotokea kijijini bila kufika kwetu kinaandikwa kwenye daftari la kawaida la shule: umri, kilichomuumiza, aliumia wapi, nani alimfikia kwanza, alifanyiwa nini, alifia wapi. Hatuandiki majina. Michikichi imejitokeza zaidi ya nilivyotarajia, na watu kuzama pia. Safu iliyotusumbua ni ya saa, kwa sababu watu wanapofiwa hawatazami saa, na mtendaji akilazimisha atapewa namba ya kubuni. Sasa tunaandika kwa nyakati wanazozikumbuka wenyewe: kabla ya adhana ya alfajiri, watoto wakiwa shuleni, jua la utosini, mifugo ikirudi, watu wakiwa wamelala. Kwa kipimo hicho tunaweza angalau kumtenga aliyekufa palepale na yule aliyeumia watoto wakiwa shuleni akafa mifugo ikirudi. Huyo wa pili alikuwa na saa tano au sita za kuishi, na ninapokutana na watu wa halmashauri ndiye ninayeanza naye.